Wasomaji Wanauliza: Mtungi wa Shaba wa Kichina, Nakshi Zake na Kutu Yake

Barua za mwezi huu zimeangukia mahali pamoja: vyombo vya shaba vya Kichina, vile vya madhabahuni na vya matambiko ya wahenga, ambavyo hapa Nairobi hupatikana minadani, kwenye meza za Kariokor na katika makasha ya familia ambazo mzee wao alifanya kazi melini. Kwanza tuelewane kuhusu madini. Shaba nyekundu ikiyeyushwa pamoja na bati, na mara nyingi risasi kidogo, ndiyo bronzi. Ikiyeyushwa na zinki ni shaba njano. Tofauti hiyo tutaihitaji huko chini.

Sura isiyo na kidevu

*Mhariri, hamjambo. Nilinunua mtungi huu kwa familia iliyokuwa ikihama Kileleshwa. Urefu wake ni sentimita 38, mdomo umepanuka kama tarumbeta, kiuno ni chembamba, na pande nne kuna mbavu zilizotokeza. Kiunoni pana sura yenye macho makubwa lakini haina kidevu, na kila nafasi iliyobaki imejazwa mistari inayojizungusha kwa pembe za mraba. Muuzaji aliniambia una miaka 3,000. Nimewatumia picha sita. Ni kweli?* — Msomaji, South C

Umbo lina miaka hiyo na zaidi. Mtungi wako, kwa tunavyoona pichani, hauna.

Umbo hilo Wachina huliita gu. Chini ya utawala wa Shang (takriban 1600 hadi 1046 K.K.) gu ilikuwa bilauri ya pombe ya nafaka katika matambiko, ikiandamana na jue, kikombe cha miguu mitatu chenye mlizamu wa kumiminia. Vyombo hivyo vilizikwa pamoja na wenyewe. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, lililofukuliwa mwaka 1976 huko Anyang, uliokuwa mji mkuu wa Shang, lilikuwa na vitu vya shaba 468. Kwa hiyo vya kweli vipo, tena si haba, lakini kwa kawaida havipatikani kati ya friji na viti vya watu wanaohama.

Tuanze na sura, maana ndiyo yenye mengi ya kusema. Inaitwa taotie. Weka kidole kwenye ubavu uliosimama katikati yake: hapo ndipo pua. Kila upande wa pua pana jicho lenye mboni iliyovimba, juu ya jicho pembe, ubavuni sikio, na chini kabisa taya ya juu iliyojikunja kwa ndani kama ndoana. Taya ya chini haipo, na haikusahauliwa. Ndivyo sura hii ilivyo. Sasa funika nusu yake kwa kiganja. Kwenye kazi nzuri, nusu inayobaki inageuka mnyama kamili aliyesimama ubavu: jicho moja, mguu mmoja, mkia uliojikunja kuelekea juu. Huyo ni joka aitwaye kui, na taotie mara nyingi ni kui wawili waliokutana pua kwa pua. Kwenye picha yako ya pili, ukifunika nusu unabaki na nusu ya uso tu, hakuna mnyama. Aliyeuchora alikuwa akinakili picha ambayo hakujua imejengwaje.

Mistari ya mraba inayojizungusha ni leiwen, nakshi ya radi. Kazi yake ni kuijaza ardhi ya chombo ili sura ielee juu yake. Kwenye shingo una majani marefu yenye ncha yanayopanda hadi karibu na mdomo. Hayo nayo yamo kwenye gu za kale, mahali hapo hapo.

Mbavu nazo zina sababu yake. Fundi wa Shang hakuchonga shaba baridi wala hakutumia nta. Alifinyanga kielelezo cha udongo, akakizungushia udongo mwingine laini, akaukata vipande na kuvibandua; hivyo vikawa kalibu. Kiini cha udongo kikatengenezwa kuwa chembamba kuliko kielelezo, na tofauti hiyo ndiyo unene wa chombo. Vipande vya kalibu vikachomwa, vikaunganishwa tena kukizunguka kiini, na vijipande vya shaba vikatiwa kati ili nafasi isizibe. Kisha shaba ikamiminwa, kwa kawaida mguu ukiwa juu. Vipande vya kalibu vinapokutana, shaba hupenya na kuacha mshono. Mbavu zimepangwa juu ya mishono hiyo, na nakshi imegawanywa kuifuata.

Chukua tochi ya simu na kioo cha kukuza mara kumi. Mulika kwa ubavu sehemu tupu kati ya kiuno na mguu: kwenye gu ya kweli mara nyingi utaona mstari hafifu ulionyooka na ubavu wa juu yake. Kwako mbavu zinakoma na chini yake shaba ni laini mzunguko mzima, kwa hiyo ni urembo uliobandikwa kwenye kalibu ya aina nyingine, yumkini ya nta. Tazama pia sehemu tupu iliyo juu kidogo ya mguu. Gu nyingi za Shang zina matundu ya umbo la msalaba hapo, alama ya mahali kiini kiliposhikiliwa. Kwako kuna misalaba iliyochorwa tu, haikupenya. Tunapenda sana kosa la namna hii kwa sababu halihitaji maabara.

Halafu pitisha ukucha kwenye mistari ya leiwen. Ya kale ina kuta zilizosimama na sakafu bapa, maana nakshi ilitoka kwenye udongo. Yako ni mviringo kama mfereji. Chini ya mguu kuna duara ndani ya duara, alama za mashine ya kukereza, na kwenye ncha za mbavu ambako mikono imelamba rangi, madini ni ya manjano. Huko tunashuku zinki. Baadhi ya wanunuzi wa dhahabu na maabara za madini wana kifaa cha mionzi ya X kinachosoma mchanganyiko bila kukwaruza; kikionyesha zinki kwa asilimia kumi au ishirini, Shang imetoka kwenye hesabu. Kisipoonyesha zinki, hilo peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu bronzi halisi inasubiwa hadi leo.

Basi ni cha lini? Kaisari Huizong wa Song (alitawala 1100 hadi 1126) alikusanya vyombo vya kale na kuamuru vichorwe katika orodha, na tangu enzi hizo mafundi wa shaba na wa kauri wamekuwa wakiiga maumbo hayo. Bilauri ya pombe ikageuka chombo cha maua. Katika enzi za kifalme za Ming (1368 hadi 1644) na Qing iliingia kwenye seti ya madhabahu ya vipande vitano: chetezo katikati, vinara viwili vya mishumaa, na mitungi miwili pembeni. Huenda wako ni nusu ya jozi. Kwa picha hizi tungeuweka mwishoni mwa Qing (1644 hadi 1912) au baada yake kidogo. Ni kitu kizuri cha kumiliki, ila usilipe bei ya Anyang.

Wasomaji wengine wenye mitungi ya taotie iliyotiwa rangi ya buluu, nyekundu na kijani ndani ya mabonde ya nakshi, wafikirie Japani kabla ya China. Katika enzi ya Meiji (1868 hadi 1912) Wajapani waliuza nje vyombo vingi vya namna hiyo, na madalali wamekuwa wakiviita vya Kichina tangu hapo.

Herufi sita chini ya kitako

*Simu yangu imesoma maandishi ya chini ikasema "Da Ming Xuande nian zhi". Nimetafuta nikaona Xuande ni 1426 hadi 1435. Je, nikatie bima?* — Msomaji, Ruaka

Subiri. Maandishi hayo husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kulia kwanza, na yanasema "Kimetengenezwa katika miaka ya Xuande ya Ming Kuu". Vyetezo na mitungi ya Xuande ilisifiwa mno hivi kwamba alama yake iliendelea kupigwa karne ya 17, ya 18, ya 19, na bado inapigwa. Idadi kubwa ya vyombo vyenye alama hiyo ni vya baadaye. Haikuwa lazima nia iwe kudanganya. Mara nyingi ilikuwa heshima kwa enzi iliyopita.

Angalia alama ilivyoingia kwenye madini. Iliyosubiwa pamoja na chombo na kumaliziwa kwa mkono ina pembe zilizotulia na sakafu sawa kote. Iliyochongwa baadaye inaacha ngazi ndogo za patasi ndani ya mstari, na utando wa rangi wa kitako unakatika ghafla pembeni ya herufi. Iliyochomwa kwa asidi au mashine ya kisasa ina kina kimoja kabisa na kingo zenye chunusi. Ukiona pia neno CHINA kwa herufi za Kizungu, mara nyingi kitu hicho kiliuzwa nje baada ya 1891, mwaka ambao sheria ya forodha ya Marekani ilianza kudai jina la nchi kwenye bidhaa. Neno hilo lisipokuwepo, hakuna unachoweza kusema.

Bima ikatwe kwa tathmini ya mtu aliyekishika chombo, wala si kwa tafsiri ya simu.

Maandishi ya Kiarabu kwenye shaba ya Kichina

*Assalamu alaykum. Tuna kimtungi cha sentimita 12 hivi, kifupi na kinene, kina maandishi ya Kiarabu ndani ya duara zilizozungukwa na majani. Kilikuja na chetezo kidogo na kibweta cha mviringo chenye kifuniko, navyo vina maandishi hayo hayo. Mama anataka tuvitumie kufukizia udi siku za harusi. Ni vya Kichina kweli?* — Msomaji wa Eastleigh

Waalaykumu salaam. Ni vya Kichina, na tunakupongeza kwa kuwa vitatu vimebaki pamoja. Hiyo ni seti ya kufukizia: chetezo, kibweta cha kuhifadhia udi, na kimtungi ambacho hakikuwa cha maua hata siku moja. Humo husimama vijiti viwili vya chuma au shaba vya kushikia kaa, na kijiko bapa cha kusawazishia majivu. Ikiwa ndani ya mdomo wa kimtungi pana mikwaruzo ya wima, ni ya zana hizo.

Waislamu wa China walikuwa wengi na wa tangu zamani, na vyombo vya shaba na kauri vyenye Kiarabu vinahusishwa hasa na enzi ya Zhengde (1506 hadi 1521), ingawa viliendelea kusubiwa karne zilizofuata. Mwandiko wenyewe utautambua: herufi zinanenepa katikati na kuchongoka mwishoni, kwa mkono uliozoea brashi badala ya kalamu ya mwanzi. Ndani ya duara mara nyingi huwa ni dhikri au maneno mafupi ya kumsifu Mwenyezi Mungu. Mpe mtu anayesoma vizuri, lakini asishangae akikuta nukta zimepotea. Msubaji pengine hakujua Kiarabu.

Kuhusu harusi, mwelezeni mama taratibu. Chetezo cha Kichina hakikutengenezwa kuwekewa makaa matupu kama chetezo chetu cha udongo. Hujazwa majivu laini yaliyochekechwa, kaa dogo lililokwisha kushika linafukiwa ndani yake, majivu yanarundikwa juu kuwa kichuguu, kijitundu kinatobolewa kupumulia, na juu ya tundu huwekwa kibamba cha ulanga. Udi unakaa juu ya kibamba. Haugusi moto, unapata joto tu, ndiyo maana harufu inatoka bila moshi mzito. Mkiweka kaa la mkaa wetu moja kwa moja juu ya shaba, rangi ya kitako itabadilika kuwa nyeusi yenye mabaka na viungo vya masikio, ambavyo aghalabu vimeungwa kwa lehemu, vinaweza kulegea. Tungetumia cha udongo harusini na hiki tukakiweka mezani kitazamwe.

Unga wa kijani unaorudi

*Shikamoo wakubwa. Mtungi wa marehemu baba mkwe ulikaa Mombasa miaka mingi, sasa uko kwetu Donholm. Msichana wa kazi aliusugua kwa limau na chumvi ukang'aa kama mpya. Tangu mvua za Aprili unatoa unga wa kijani hafifu kwenye mikunjo ya nakshi. Tukiufuta unarudi. Tuutie nini?* — Mama wawili, Donholm

Marahaba. Kwa sasa msiutie kitu, na limau lisikaribie tena.

Kijani cha shaba kiko cha aina tatu na dawa zake hazifanani. Kuna kijani kigumu, laini, cha kuiva, kilichoshikamana na chombo. Kijiti cha meno hakikitoi. Hicho ni ngozi ya chombo, kimechukua miaka kujengeka na kinakilinda. Kuna kijani cha nta, chenye mafuta, kinachokwama mabondeni. Ni mabaki ya dawa ya kung'arisha au ya mafuta ya nazi yaliyoungana na shaba, na hutoka kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Cha tatu ni chenu: unga mwepesi, rangi ya kijani iliyopauka, unaotokea kwa madoa madoa na kuacha kishimo chini yake. Wahifadhi, yaani mafundi wa kutunza vitu vya kale, huuita ugonjwa wa shaba.

Chanzo ni chumvi. Kloridi, iwe ya hewa ya bahari ya Mombasa au ya chumvi iliyosuguliwa jikoni, inajificha chini ya utando kama kloridi ya shaba. Ikipata unyevu na hewa inageuka ule unga wa kijani, na katika kugeuka inatoa asidi. Asidi inakula shaba nzima iliyo karibu, kloridi mpya inazaliwa, na mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana kufuta hakusaidii: mnaondoa unga, chumvi imebaki shimoni. Limau lilifanya baya zaidi kwa kuivua ngozi iliyokuwa ikiuziba mlango. Siki na ukwaju ni ndugu zake. Dawa za kopo za kung'arishia nazo nyingi zina amonia na chembe za kusaga. Zinalainisha kingo za nakshi na kuacha unga mweupe mabondeni ambao hautoki.

Fanyeni hivi. Tandazeni karatasi nyeusi. Kwa brashi laini ya kupakia rangi, ikiwa kavu, angusheni unga wote juu yake. Mabondeni tumieni kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kamwe si pini wala waya wa kusugulia sufuria. Vaeni kinyago na glavu, na unga msiupulize. Piga picha ya kila doa karibu, na kitu cha kulinganisha ukubwa pembeni. Kisha kausheni mtungi kwa mashine ya nywele ikiwa kwenye hewa baridi.

Sasa sanduku. Chukueni ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana barabara, mtungi usimame ndani bila kugusa kuta. Wekeni silika kavu, zile punje za kunyonya maji. Uzito wake ulingane na uzito wa mtungi, yaani mtungi wa kilo mbili kwa silika kilo mbili, ndani ya mifuko ya kitambaa. Vipakiti vya kwenye masanduku ya viatu havitoshi, mngehitaji gunia lake. Chagueni zenye punje za rangi ya machungwa zinazobadilika zikishiba, wala si za buluu, ambazo rangi yake ni kobalti yenye sumu. Zikibadilika zianikeni kwenye oveni kwa nyuzi joto 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa mbili tatu, zipoe ndani ya chombo kilichofungwa, zirudisheni. Tieni kipima unyevu kidogo humo. Ugonjwa huamka unyevu ukipita asilimia 42 hadi 46, kwa hiyo lengo ni chini ya 40, na 35 ni salama zaidi. Chumba cha kawaida Nairobi wakati wa masika hupita 60 bila taabu, na ndiyo maana mliuona baada ya Aprili.

Baada ya wiki mbili fungueni na mlinganishe na picha. Pasipo na unga mpya, mtungi umetulia, ingawa chumvi bado imo. Ukirudishwa sebuleni mvua zikinyesha utaanza tena. Ukiendelea kutoa unga hata kwenye ukavu, unahitaji mhifadhi. Yeye ana mmumunyo wa benzotriazoli, asilimia 3 katika spiriti safi, unaofunga kloridi mashimoni. Dawa hiyo ina madhara kwa binadamu na haifai kujaribiwa sinki la nyumbani.

Nta ije mwisho, chombo kikiwa kikavu na kimetulia. Ya mikrokristalini, ile wanayotumia wahifadhi, ndiyo nzuri. Ya kiatu ina rangi, na mafuta ya kupikia huoza. Paka utando mwembamba kwa brashi, ngoja dakika chache, sugua kwa fulana kuukuu ya pamba. Ukiipaka juu ya ugonjwa umeufungia ndani.

Watakaotaka kufuta vumbi na uchafu wa kawaida kwa maji, watumie maji yaliyotoneshwa, yale ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa mara mbili: maji ya betri, si asidi ya betri. Ya mfereji yana klorini. Kabati nalo liangaliwe, kwa sababu mbao za unga wa kubandikwa hutoa mvuke wa siki polepole na mlango ukifungwa shaba inakaa humo.

Unaweza kuwekwa maua?

*Swali fupi tu.* — Msomaji, Buruburu

Ndiyo, kwa bilauri ya kioo au chupa ya plastiki iliyokatwa ndani yake. Maji yasiguse shaba. Na msinywee chombo chochote cha namna hii, risasi mara nyingi imo.

Nyuzi za dhahabu na buluu iliyobanduka

*Mtungi wangu ni wa buluu ya feruzi, una mayungiyungi yanayotambaa yaliyozungushiwa nyuzi nyembamba za rangi ya dhahabu. Umeanguka, kipande cha ukubwa wa sarafu kimebanduka na shaba inaonekana. Fundi wa Gikomba amesema ataujaza na kuuchoma kwa gesi.* — Msomaji, Ngara

Mshukuru fundi, umkatalie. Hiyo ni jingtailan, kazi inayobeba jina la enzi ya Jingtai (1450 hadi 1457) ingawa China iliijua kabla ya hapo. Nyuzi za shaba hubandikwa juu ya mwili wa shaba kufuata mchoro, vyumba vinavyopatikana hujazwa unga wa kioo uliotiwa rangi, na chombo kizima huchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 800 za Selsiasi. Unga ukiyeyuka hunywea, kwa hiyo hujazwa tena na kuchomwa tena, mara kadhaa, kisha husagwa uso uwe sawa na nyuzi hupakwa dhahabu. Mwali wa gesi ukipiga sehemu moja, shaba hapo inatanuka na jirani yake haijatanuka. Kioo kinapasuka mbali na jeraha ulilokwenda kutibu. Dhahabu nayo itaungua.

Kwa sasa okota kila kibanzi, hata cha punje ya mchele, ukitie kwenye bahasha. Usiuchovye mtungi majini: maji hupenya chini ya nyufa na kula shaba kutoka nyuma. Mhifadhi atajaza pengo kwa utomvu wa kisanii uliotiwa rangi, ambao unaweza kuondolewa baadaye.

Usishtuke ukiona vitundu vidogo kama vya sindano kwenye buluu. Ni mapovu ya hewa ya tanuri, na zamani yalizibwa kwa nta yenye rangi. Uso usio na tundu hata moja, kwenye mtungi mwepesi, kwa kawaida ni wa juzi. Kama kati ya mayungiyungi kuna gurudumu, kombe la baharini, mwavuli, samaki wawili au fundo lisilo na mwisho, hizo ni miongoni mwa alama nane za Kibudha na mtungi huenda ulikusudiwa hekaluni.

Ulikuja na Zheng He?

*Sisi asili yetu Lamu. Babu alituambia mtungi wetu wa shaba uliletwa na meli za Zheng He.* — Msomaji, Umoja

Meli hizo za Zheng He, amiri wa majini wa China ya Ming mwanzoni mwa karne ya 15, zilifika pwani yetu, na twiga wa Malindi alipokelewa katika mji wa kaisari mwaka 1415. Mambrui ilipatikana sarafu ya enzi ya Yongle (1403 hadi 1424) mwaka 2010, na vipande vya kauri za Kichina vimejaa magofu ya Gedi. Lakini sarafu na kauri hizo zilitoka ardhini mbele ya wachimbuaji. Mtungi uliokuwa kabatini hauna ushahidi wa namna hiyo. Andikeni alilosema babu, jina lake na mwaka alioupata, myahifadhi pamoja na mtungi. Maelezo hayo yana thamani yake, na swali lifuatalo linaonyesha kwa nini.

Kuupeleka mnadani London

*Binti yangu yuko London na amepata mnada wa kuuza mtungi wetu. Naweza kuutuma tu kwa ndege?* — Mzee, Karen

Mzee wetu, si kabla ya kupita Makumbusho. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Tazama vizuri: kinachopimwa ni mwaka wa kuingia. Mtungi wa Qing ulioletwa na balozi mwaka 1980 hauangukii hapo. Ule wa familia ya Lamu unaweza. Kwa hiyo tafuta risiti, picha za zamani za sebule, barua, chochote chenye tarehe, uende navyo kwenye Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, Museum Hill, pamoja na vipimo na picha za mtungi kutoka pande zote na chini. Kama kifuniko kina kirungu cha pembe ya ndovu au kitako kimepambwa kwayo, hilo ni suala jingine kabisa la vibali vya wanyamapori, usilifiche.

Ukipata ruhusa, mtungi uinuliwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako; masikio yasishikwe, maana yameungwa. Uzungushie karatasi laini isiyo na asidi, kisha sponji, ndipo plastiki ya mapovu. Mapovu yakigusa shaba moja kwa moja huacha duara duara kwenye utando. Magazeti yana wino na asidi, yabaki nje ya sanduku. Kitako cha mbao kifungwe peke yake, na kati ya sanduku la ndani na la nje zibaki sentimita tano za sponji kila upande.